Kujaa na Kupata: Historia ya Istilahi za Vyumba vya Wageni

Miongoni mwa maneno yanayotumiwa kila siku katika biashara ya hoteli, na ambayo, tuonavyo sisi, hayajachunguzwa ipasavyo na wapenzi wa lugha, ni neno dogo "kujaa". Mwenye hoteli akiulizwa hali ya kazi yake, hujibu kwamba hoteli imejaa, au kwamba msimu huu haikujaa, naye muulizaji huondoka akidhani amekwisha kuambiwa habari za mapato. La hasha. Ameambiwa habari za vyumba tu. Habari za fedha ni nyingine kabisa, na hoteli iliyojaa yaweza kupata kidogo kuliko hoteli jirani iliyo na vyumba vitupu vingi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi hesabu hizi mbili zilivyochanganywa kwa muda mrefu, jinsi zilivyokuja kutenganishwa, na ni maneno gani yanayotufaa ili tuzitenganishe kwa Kiswahili.

Yafaa tuanze na neno hoteli lenyewe, maana hata hilo lina matatizo yake. Lilipoingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza halikuja na vitanda vyake. Vinywani mwa watu wengi, bara na pwani, hoteli ni mahali pa kula: mtu huenda hotelini akanywa chai na mandazi, akarudi kwake kulala. Kwa sababu hiyo mabango ya mijini yalilazimika kueleza kwa maneno marefu, "nyumba ya kulala wageni", ili msafiri asidhani kwamba hapo hupata sahani ya wali tu. Baadaye wananchi wakafupisha kwa njia yao, wakasema gesti, na upande wa Kenya wakasema lojing'i. Jumuiya za watu wenye asili ya Kihindi walikuwa na musafirkhana, mahali ambapo msafiri wa jumuiya yao aliweza kujihifadhi. Majina haya hayana maana moja. Anayezungumzia mapato ya hoteli hana budi kueleza kwanza kama anahesabu vyumba au anahesabu sahani.

Kabla ya majina hayo yote, pwani yetu ilikwisha kujua jambo ambalo wataalamu wa hoteli wa leo hulisomea vyuoni, yaani kwamba wageni huja kwa majira. Neno msimu, lenye asili ya Kiarabu, liliwahusu mabaharia kabla halijawahusu watalii. Majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi, na katika miezi ya kungojea upepo mabaharia na wafanyabiashara walikaa Unguja, Mombasa na Lamu. Bagamoyo nayo ilikuwa na majira yake ya misafara, ambapo wapagazi kwa maelfu walihitaji mahali pa kujilaza. Mji ulijaa, kisha ukapwaya. Hata leo hoteli za pwani huzungumza lugha ile ile, ingawa upepo si wa matanga tena: msimu mkubwa, msimu mdogo, na miezi ya masika ambapo baadhi ya hoteli za Unguja na Lamu hufunga milango kabisa, kwa kuwa kuziendesha zikiwa tupu ni hasara kuliko kuzifunga.

Hapo ndipo lilipo jambo la pekee la biashara hii. Mvuvi asipopata mnunuzi wa samaki wake leo, humpasua, humtia chumvi, humwanika akawa ng'onda, na baada ya wiki bado ana kitu cha kuuza. Mwenye mahindi huyatia ghalani. Lakini usiku wa chumba ambao haukuuzwa hauanikwi wala hautiwi chumvi. Kukipambazuka umekwisha, na chumba cha kesho ni bidhaa nyingine. Nahodha aliyeng'oa nanga na nafasi tupu chomboni alilielewa hilo vema. Ndiyo maana mwenye hoteli huogopa utupu kuliko anavyoogopa bei ndogo, na hofu hiyo ndiyo iliyofanya neno kujaa litawale mazungumzo yote.

Hoteli za mtindo wa Kizungu zilianza kwetu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Nairobi ilikuwa na Stanley tangu miaka ya mwanzo ya mji huo, kisha Norfolk ikafunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904. Dar es Salaam, wakati wa Wajerumani, ilikuwa na Kaiserhof, ambayo baadaye, chini ya Waingereza, ilijulikana kwa jina la New Africa. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki ubaguzi wa rangi ulimzuia Mwafrika kulala katika hoteli za Wazungu, hata awe na fedha mkononi. Twataja jambo hili si kwa ajili ya manung'uniko, bali kwa sababu linatufundisha kwamba chumba kitupu si lazima kiwe kimekosa mgeni. Huenda mgeni alikuwapo mlangoni akakataliwa. Tarakimu ya vyumba vitupu haisemi sababu yake, na neno tutakalolichagua halitaweza kuisema pia.

Baada ya uhuru, hoteli zikawa sehemu ya mipango ya taifa. Kilimanjaro Hotel ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965. Shirika la Utalii Tanzania liliundwa mwaka 1969, na katika miaka iliyofuata zikajengwa hoteli za mbugani kama vile Lobo na Seronera katika Serengeti, na nyingine Ngorongoro na Manyara. Mwaka 1971 ukafunguliwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, kusudi wageni wafike kaskazini moja kwa moja bila kupitia Nairobi. Wakati huo huo, mwaka 1970, ulizuka mjadala mkali magazetini juu ya nafasi ya utalii katika nchi ya kijamaa, mjadala ambao Issa Shivji aliuhariri ukatoka kuwa kitabu mwaka 1973. Swali kubwa la mjadala ule lilikuwa ni nini kinachobaki nchini baada ya mgeni kuondoka. Lilikuwa swali la pato. Lakini hesabu iliyokuwa rahisi kuipata kila mwaka, kwetu na kwa jirani zetu, ilikuwa ya wageni walioingia na vitanda walivyolalia.

Hesabu hiyo ya vitanda yastahili kuelezwa, maana bado inatumika. Taarifa za uchumi za kila mwaka nchini Kenya, mathalani, huitoa hadi leo. Kipimo chake ni kitanda kimoja kikilaliwa usiku mmoja. Sisi twaona jina usiku-kitanda lingetosha, kwa kufuata mfano wa maneno ambatani kama vile mwanahewa na askarikanzu, ingawa hapa kistari kinasaidia macho. Ubaya wake ni kwamba kitanda na chumba si kitu kimoja. Chumba chenye vitanda viwili kikipangwa na mtu mmoja, kwa hesabu ya vyumba kimejaa, na kwa hesabu ya vitanda kimejaa nusu. Mtu anayesema "hoteli ilijaa kwa asilimia 50" bila kutaja kama ni vitanda au vyumba, hajasema lolote linaloweza kusahihishwa.

Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Wageni wengi wa Serengeti na Ngorongoro walikuwa wakizunguka kutoka Nairobi, kwa hiyo hoteli za kaskazini ziliathirika vibaya. Ulikuwa wakati ambapo kujaa na kupata vilishuka pamoja, na lugha haikuhitajika kuvitenganisha. Hitaji la kutenganisha hujitokeza pale viwili hivyo vinapokwenda njia mbalimbali.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hoteli ina vyumba 100. Bei ni shilingi 80,000 kwa usiku, na vyumba 60 vimepangwa. Pato la vyumba ni shilingi 4,800,000. Meneja, kwa kuchukizwa na vyumba 40 vitupu, anapunguza bei hadi shilingi 60,000, na kweli wageni wanaongezeka hadi vyumba 75. Ukumbi unachangamka, wapishi wanakimbizana, na kila mtu anasema mambo yamekuwa mazuri. Lakini pato sasa ni shilingi 4,500,000. Hoteli imejaa zaidi na imepata kidogo zaidi. Ili pato lirudi pale lilipokuwa, vyumba 80 vinapaswa kupangwa. Na hata hapo hesabu haijakwisha, kwa maana chumba kinacholaliwa kina gharama yake: maji, sabuni, umeme, ufuaji wa mashuka, kazi ya mtandikaji. Tukisema gharama hiyo ni shilingi 12,000 kwa chumba, basi vyumba 60 vya bei ya kwanza vinaacha shilingi 4,080,000, na vyumba 80 vya bei ya pili vinaacha shilingi 3,840,000 tu. Meneja atahitaji vyumba 85 ili asimame pale pale alipokuwa kabla hajapunguza bei.

Kinyume chake nacho ni kweli. Bei ikipandishwa mno, wastani wa bei utapendeza machoni huku vyumba vikibaki na vumbi. Hivyo hakuna tarakimu moja kati ya hizi mbili, ya kujaa au ya bei, inayoweza kusimama peke yake. Kipimo kinachoziunganisha ni kuchukua pato lote la vyumba na kuligawanya kwa vyumba vyote vilivyopo, vilivyolaliwa na visivyolaliwa. Katika mfano wetu, mara ya kwanza ni shilingi 48,000 kwa kila chumba kilichopo, na mara ya pili ni shilingi 45,000. Mtu aweza kuifikia hesabu hiyo hiyo kwa kuzidisha bei wastani kwa kiwango cha kukaliwa: 80,000 mara asilimia 60, au 60,000 mara asilimia 75.

Kugawanya huku ni kazi ya mtoto wa shule ya msingi, ila kukubaliana juu yake kulichukua miaka mingi. Nchini Marekani, ambako biashara hii ilikua upesi, Statler alifungua hoteli yake Buffalo mwaka 1908 kwa kutangaza chumba chenye bafu kwa dola moja na nusu, bei ambayo kila mtu aliweza kuikumbuka. Mwaka 1926 chama cha wenye hoteli wa jiji la New York kilitoa mfumo mmoja wa kuandika hesabu za hoteli, hata vitabu vya hoteli moja viweze kulinganishwa na vya nyingine. Mfumo huo ulitenga pato la vyumba na pato la chakula na vinywaji, na bila utengano huo hesabu tuliyoitaja hapo juu isingewezekana. Msukumo wa pili ulitoka nje ya hoteli. Sheria ya mwaka 1978 iliyolegeza udhibiti wa nauli za ndege nchini humo iliyalazimisha mashirika ya ndege kushindana kwa bei. American Airlines wakabuni njia ya kuuza viti vya ndege moja kwa bei mbalimbali, vichache kwa bei ya chini mapema, na vingine wakaviweka kwa ajili ya msafiri wa dharura aliye tayari kulipa zaidi. Kampuni ya Marriott ikaichukua njia hiyo kwa vyumba. Mwaka 1985 ikaanzishwa kampuni ya Smith Travel Research, iliyokusanya tarakimu za hoteli nyingi na kuzilinganisha, na katika miaka ya 1990 kipimo cha pato kwa chumba kilichopo kikaenea ulimwenguni.

Kwetu sisi, pwani ya Kenya ilionja uchungu wa jambo hili mapema. Hoteli nyingi za huko zilitegemea wageni wa mafungu, walioletwa na makampuni ya Ulaya kwa ndege za kukodi, ambapo nauli, malazi na chakula vilikwisha kulipwa Ulaya kwa bei moja. Kampuni hununua vitanda vingi kwa mkataba wa mbele, na kwa sababu inanunua vingi, hudai bei ndogo. Hoteli inajaa. Lakini katika fedha zilizolipwa na mgeni, sehemu inayofika Diani au Malindi ni ile tu iliyomo katika mkataba. Vurugu za Likoni za Agosti 1997 zilipowatisha wageni, hoteli zilianguka katika utupu uliowafukuzisha kazi wafanyakazi wengi, na waliotaka kuwarudisha wageni walilazimika kushuka bei. Bei iliyoshushwa huwa na ugumu wa kupanda tena. Mnunuzi aliyekwisha kuizoea huiona kuwa ndiyo haki yake. Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 ulirudia somo lile lile katika nchi nyingi kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye maneno. Kwa dhana ya kwanza, wengi husema "ujazo wa vyumba". Hatulipendi. Ujazo katika masomo ya sayansi ni nafasi inayochukuliwa na kitu, kama vile lita za maji katika pipa, na mwanafunzi atakayesoma "ujazo wa chumba" atatafuta urefu, upana na kimo ili azidishe. Twapendekeza ukaliwaji, kutokana na kitenzi kukaliwa, na kipimo chake kiwe kiwango cha ukaliwaji. Neno hili lina uzito kidogo ulimini, twakubali, ila halina mwenziwe wa kugombana naye. Aidha, linaonyesha kwa kauli yake ya kutendwa kwamba kinachohesabiwa ni chumba na wala si mgeni.

Kwa malipo ya usiku mmoja, "kodi ya chumba" haifai hata kidogo. Kodi ni ya mpangaji wa mwezi, na zaidi ya hayo kodi ni ya serikali. Hoteli inayoandika kodi ya chumba katika stakabadhi yake itaulizwa na mgeni kama hiyo ni bei au ni ushuru, naye ana haki ya kuuliza. Bei ya chumba yatosha, na wastani wake ni bei wastani ya chumba. Kwa fedha zote zilizopatikana kwa kuuza vyumba, tuseme pato la vyumba, wala tusiseme faida, kosa ambalo twalisikia kila mara hata katika hotuba. Faida ni kinachosalia baada ya gharama. Na kwa kipimo cha kuunganisha, tuseme pato kwa chumba kilichopo. Wako watakaolalamika kwamba ni refu. Liwe refu, neno "kilichopo" ndilo linalobeba maana yote, na kulikata ni kurudi tulikotoka.

Lipo pia suala la kuuzwa na kukaliwa. Hoteli zetu, hasa zilizokuwa za umma, zimekuwa na desturi ya kulaza wageni wa heshima bila malipo. Chumba cha takrima kimekaliwa, shuka zimechafuka, lakini hakikuuzwa. Tusipokuwa waangalifu, ukaliwaji utapanda kwa ukarimu. Upande wa pili ziko gesti ambazo chumba kimoja hupangishwa mara mbili au tatu katika siku moja kwa wageni wa "mapumziko", wanaokaa saa mbili kisha wakaenda zao. Hapo vyumba vilivyouzwa vyaweza kuzidi vyumba vilivyopo, na kiwango kikapita asilimia 100, jambo ambalo mtakwimu atalikataa na mwenye gesti atalicheka. Hesabu ya fedha tu ndiyo isiyofedheheka hapo: pato la siku nzima hugawanywa kwa vyumba vilivyopo, bila kuuliza mgeni alikaa kwa muda gani.

Lililo gumu kuliko yote ni hilo hilo neno kilichopo. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, hoteli nyingi nchini zilikosa vipuri. Bomba lilikatika, kiyoyozi kilikufa, na chumba kikafungwa hadi vifaa vipatikane. Tuseme hoteli ya vyumba 100 ina vyumba 40 vibovu, na vyumba 54 vimelaliwa. Meneja akigawanya kwa 60 atapata asilimia 90, na taarifa yake itasomeka kama ya hoteli inayostawi. Akigawanya kwa 100 atapata 54, na wakubwa wake watauliza kulikoni. Jengo ni lile lile, usiku ni ule ule, na pato halikubadilika hata senti. Kampuni ya Smith Travel Research tuliyoitaja huhesabu chumba kibovu kuwa kipo, isipokuwa kimefungwa kwa muda mrefu, kwa desturi zaidi ya miezi sita. Sisi twaona ni afadhali istilahi ziwe mbili: vyumba vilivyopo, yaani vyote vilivyojengwa kwa ajili ya kulaza wageni, viwe vizima au vibovu, na vyumba vinavyouzika, yaani vile ambavyo mgeni akifika leo jioni anaweza kupewa ufunguo wake. Taarifa itaje idadi zote mbili, na tofauti iliyo kati yake iandikwe katika mstari wake peke yake.